Mtaalamu wa Kijiweni

Shikamoo, mtaalamu wa kijiweni. Mpira wa kikapu hujawahi kuudunda hata mara moja, ila akitajwa Hasheem Thabeet unasonya. Kijana wa Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, akazuia mitupo ya watu mpaka kwenye drafti ya NBA ya 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili. Wewe umeshika moja tu: Stephen Curry alikuwa wa saba. Utadhani Thabeet ndiye aliyekaa mezani kuchagua!

Mbwana Samatta wa Mbagala naye hakupona. Machi 2020 alifunga goli Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, akiichezea Aston Villa dhidi ya Manchester City. "Si walipigwa 2-1?" ukajibu, huku ukiagiza kahawa nyingine kwa mkopo.

Lakini beki wa timu yako ya Kariakoo akijifunga, unapata huruma ya mama mzazi. Uwanja mbovu, refa kanunuliwa, halafu mtoto wa watu kapigwa na jua machoni. Mechi yenyewe ilianza saa moja usiku.