Mhadhara wa Uzinduzi Kuhusu Mkono wa Dirisha

Waheshimiwa majirani, shemeji yangu kipenzi, fundi seremala uliyekimbilia hapa kujikinga na mvua, na nyinyi watoto mlioujaza mkeka: karibuni sebuleni. Najua wengine mmefuata kahawa na kashata. Hakuna ubaya. Hata wanachuo wapo waliofuata bumu, wakaishia kutoka na digrii.

Nitazungumza nikiwa nimeketi. Kiti hiki kinacheza mguu mmoja, ila msijali, kinachoyumba ni kiti, mhadhiri hayumbi.

Kwanza, sifa zangu. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Madirisha, Vitasa na Makomeo kwa Ngamiani nzima hapa Tanga, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona wahusika wanachelewa. Nimeishi na madirisha miaka 58. Nimeyafungua, nimeyafunga, na ujanani nimechungulia. Mwenye uzoefu mpana zaidi ajitokeze. Fundi, shusha mkono. Maswali mwishoni.

Pili, historia. Neno letu dirisha asili yake ni Uajemi. Lilivuka bahari, likatua pwani hii, likazoea joto na chumvi, na mpaka leo halijalegea hata silabi moja. Kilicholegea ni mkono wake. Kisha mwaka 1884, mwaka uleule ambao wakubwa wa Ulaya walianza kikao chao cha Berlin, pale Braintree, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Francis Henry Crittall alianza kutengeneza madirisha ya chuma. Mnauona uzito wa jambo? Wenzake wanagawana nyumba za watu, yeye anashughulika na madirisha.

Babu, unauliza nyumba hii ina dirisha la chuma? Haina. Marehemu baba aliweka mvule, na mvule bado mzima. Lakini mhadhara usiotaja Mzungu hata mmoja, watu huuita soga.

Sasa tuingie kwenye nadharia. Baada ya utafiti nilioufanya nikiwa nimelala chali, nimegundua kwamba mkono wa dirisha hupita zama tano.

Ya kwanza ni Zama ya Upya. Unaugeuza kwa kidole kimoja, unaitika klak, na bawa la dirisha linabana kwenye fremu hata mbu hapati pa kupenyeza mguu. Ya pili ni Zama ya Ulegevu: upepo ukivuma, mkono unageuka wenyewe, kama mlinzi anayefungua geti kabla hajaulizwa. Ya tatu ni Zama ya Karatasi, ambapo gazeti hukunjwa mara nne na kusokomezwa kwenye mwanya. Ya nne ni Zama ya Kisu. Baba mwenye nyumba anachukua kisu cha jikoni kukazia skrubu. Kichwa cha skrubu kinalika, ncha ya kisu inapinda, na mama mwenye kisu ananuna siku tatu. Ya tano, na ndiyo ndefu kuliko zote, ni Zama ya Kamba.

Sisi watu wa Tanga hatuna ruhusa ya kuizungumzia kamba kijuujuu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Miche 62! Ikazaa, ikazaliana, ikajaza mkoa mashamba, ikatupa jina duniani, na mwisho wa safari yote hiyo ikatupa kamba iliyofunga dirisha lile pale, nyuma ya pazia. Niliifunga kwa muda tu. Hiyo ilikuwa mwaka 2011.

Na hebu sikilizeni. Hamsikii kitu, sivyo? Kwa kawaida kusi likivuma na mvua kama hii, dirisha lile hugonga tak, tak, tak mpaka alfajiri. Leo kimya. Hata mbao huitambua elimu inapopita.

Mama Zuhura, naomba utulivu huko mlangoni. Mhadhara hauchekwi.

Tatu, anatomia. Mkono wenyewe huu hapa, natembea nao mfukoni. Upitisheni, lakini urudi. Tazameni: hili ni bamba lenye matundu mawili ya skrubu. Hapa katikati pana pini ambayo mkono unaizunguka. Na hapa pana ulimi, ndio unaoingia nyuma ya kile kibati kilichopigiliwa kwenye fremu. Ulimi huu haukukatwa sawasawa, umechongwa kwa mteremko, ili kadiri unavyougeuza, ulivute bawa taratibu mpaka libane. Siri yote ya dirisha iko kwenye mteremko huo. Sasa, ulimi unasuguana na kibati mahali palepale, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Mteremko unalika, panabaki alama ya kung'aa kama shilingi mpya, na kuanzia hapo mkono unafunga bila kubana. Ukiutazama utaapa dirisha limefungwa. Mvua inajua halijafungwa.

Lakini msiharakishe kuulaumu mkono. Hapa ndipo wasiosoma wanapopoteza hela. Fungua bawa kidogo, shika pembe yake iliyo mbali na bawaba, linyanyue. Likipanda na kushuka, mgonjwa ni bawaba. Bawa limeshuka, ulimi hauoni tena kibati, na ukinunua mikono kumi yote itagonga hewa. Kipimo cha pili ni karatasi: fungia ukanda wa karatasi kati ya bawa na fremu, kisha uvute. Ikichomoka kama barua kwenye bahasha, hapo hapabani. Ikikatalia, pameshika. Zunguka dirisha lote hivyo, utajua ugonjwa uko wapi kabla hujatoa senti.

Nne, manunuzi. Mwezi uliopita nilikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi, jina lake nalihifadhi kwa heshima. Nikasema, kijana, nipe mkono wa dirisha. Akaniuliza: wa kushoto au wa kulia? Nikamjibu kwamba mimi ni mtaalamu. Akauliza tena: ukiwa ndani au ukiwa nje? Nikanyamaza kwa hekima. Akauliza matundu ya skrubu yameachana kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole viwili, hivi. Kufika nyumbani, vidole vilikuwa vimeachana zaidi njiani.

Ndiyo, Babu, ndio huo unaoushika. Ni wa kushoto. Dirisha langu ni la kulia. Nilirudi dukani mara mbili, nikapewa mingine miwili, yote ya kushoto, kwa sababu kila mara nilikuwa najieleza nikiwa nimelipa dirisha mgongo. Funzo la kitaaluma: ng'oa mkono wa zamani, uende nao dukani, uweke juu ya meza, unyamaze. Mkono ulioharibika unajieleza vizuri kuliko mwenye nyumba.

Tano, skrubu. Hewa ya hapa ina chumvi. Skrubu ya chuma cha kawaida, hata ikipakwa zinki, itang'aa msimu mmoja halafu itaanza kulia machozi ya kahawia kwenye mbao. Kwa dirisha la mbao tumia skrubu za shaba ya manjano, au za chuma kisichoshika kutu. Ila shaba ni laini. Ukiilazimisha kwenye mvule, kichwa kitakatika na kiwiliwili kitabaki ndani milele. Kwa hiyo tanguliza skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba, nayo uwe umeipaka nta ya mshumaa. Hilo alinifundisha fundi aliyepo hapa, lakini nimelisema mimi kwa sauti nzuri zaidi.

Shemeji anatabasamu kwa sababu kwake kuna madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Tabasamu polepole, shemeji. Juzi nimekuona unalisukuma kwa bega. Yale yana vigurudumu vya nailoni chini, vinakula mchanga wa kwenye reli mpaka vinachongeka upande. Linyanyue bawa lipande ndani ya reli ya juu, livute chini lije kwako, vigurudumu utavikuta tumboni mwake. Na wewe unayelalamika kwamba mvua inajaza reli na kumwagikia kochi: reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji nje. Vimezibwa na mchanga na mbawa za kumbikumbi. Chukua kijiti. Mashtaka dhidi ya aliyekuuzia dirisha yafutwe.

Sita, tatizo kuu, na hapa naomba watoto waache kutafuna. Mkono umeng'oka, umerudishwa, umeng'oka tena. Tundu la skrubu limepanuka, skrubu inaingia kama kidole kwenye uji. Tufanyeje? Sayansi yangu ilipendekeza skrubu ndefu zaidi. Mwaka jana niliijaribu. Ilishika vizuri sana, ikatokeza upande wa pili, na pazia la Mama Zuhura lina ushahidi.

Nini, Fundi? Njiti za kiberiti? Ndugu zangu, mmesikia. Karne hii, mbele ya watoto wanaosoma, tunaambiwa habari za njiti. Njiti ni za kuwashia mkaa. Taaluma haijengwi kwa njiti.

Na sasa, kwa heshima na taadhima, tunafika kwenye onyesho la vitendo. Nitaifungua kamba ya mwaka 2011 mbele yenu. Bawa litafunguka kwa kishindo, mvua itaingia, mtajionea wenyewe ukubwa wa janga, kisha tutaomba michango. Zuhura, vuta pazia. Wa mbele sogeeni nyuma kidogo. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Hili la tatu nililifunga kwa hasira. Haya, moja, mbili...

Mbona halifunguki?

Ngojeni. Dirisha limekaa. Limebana. Nani ameweka mkono huu? Huu ni wa kulia. Unang'aa.

Zuhura, sema kwa sauti wasikie. Lini? Jumatano? Wewe na mama yako? Na kamba mkaiacha palepale siku zote hizi? Mliogopa kuigusa, mlidhani ni sehemu ya utafiti. Mmefanya vyema, utafiti hauguswi. Na lile tundu lililopanuka mmelifanyaje?

Njiti tatu. Mmezichovya kwenye gundi ya mbao, mkazisokomeza tunduni, mkakata vichwa, mkaacha usiku kucha zikauke, asubuhi skrubu ikauma kama kwenye mbao mpya. Na mkono dukani mliuombaje? Mlikwenda nao wa zamani, mkauweka mezani.

Mkanyamaza.

Fundi, acha kucheka, utamwaga kahawa.

Majirani zangu, hitimisho. Mnalolishuhudia ni jambo la nadra katika historia ya elimu: mhadhara umeleta matokeo siku nne kabla haujatolewa. Hindorf alihitaji miche 62. Nyumba hii imetumia njiti tatu. Pongezi naomba ziletwe kwangu kama mkuu wa idara, nitazifikisha kwa wasaidizi wangu jikoni.

Nani anatupa kamba hiyo? Ilete hapa, Zuhura, usiikate. Kiti hiki mguu wake unazidi kucheza. Nitaufunga kwa muda.