Bond Akishukia Kyela

Tangu 1962 filamu rasmi za James Bond zimepita mikononi mwa waigizaji 6, na hadi leo watu wanabishana nani mkali. Vijana wa vibanda vya video wana wao: Daniel Craig kwa kipigo, Pierce Brosnan kwa nywele zisizotimka hata bomu likilipuka. Sean Connery anaachiwa wazee. George Lazenby, aliyecheza moja tu mwaka 1969, hutajwa na yule mjuaji asiyekosekana barazani.

Mie nawapima kwa kipimo cha Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Mshushe yeyote stendi mwezi wa nne, mvua inamwagika, yeye na suti nyeusi na tai ya kipepeo. Hajavuka tope, mama muuza ndizi keshamsalimu "Ugonile", kamuuliza ni mtoto wa nani na anafikia kwa nani. Na jasusi gani huyu, akiulizwa tu, anataja jina lake mara mbili! Chai haijapoa, Ipinda wanajua, Matema wanajua, na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, habari zimeshafika.

Roger Moore wa filamu 7 angalau angejifanya mtalii wa Matema. Suti ya safari anayo, haraka hana. Craig angedai boti ya mwendo kasi, arudi kajaza mdomo vijidudu vya ziwani.

Kwa kazi ya huku, nampa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Huyo walau shikamoo anaijua.