Nyumbu Wako Mara, Mura Yuko Dodoma

Likizo ndefu ya vyuo ikianza, mjomba umekwisha. Bumu halitoki, Bodi ya Mikopo imefumba mkono hadi chuo kifunguliwe, na bando linageuka jukumu la ukoo. Mpwa wangu, mura anayesoma Dodoma, kashuka hapa Mugumu na begi moja, chaja mbili na pawabenki. Kabla ya shikamoo kauliza, "Anko, umeme upo?"

Mwili uko kwangu, roho iko kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimtuma sukari analeta chumvi, maana njiani anachungulia stetasi za wenzake waliobaki mjini: huyu anakula chipsi mayai, yule kapiga picha kando ya bwawa la hoteli. Anaguna. "Anko, wenzangu wanaishi."

Wanaishi! Julai hadi Oktoba, miezi ileile ya likizo, nyumbu kwa maelfu wanavuka Mto Mara kule Kogatende, mkoani humuhumu. Mjerumani anapanda ndege mbili na kulala kwenye hema ambalo bei yake ya usiku mmoja inanunua ng'ombe, akihofia kufa hajawaona. Juzi mura kaniita mbio nije nione video ya ajabu. Nyumbu wanavuka Mto Mara. Imerushwa na mtu wa Sinza.

Nikampeleka Tarime kwa bibi yake, pengine baridi ya kule ingemtuliza. Kuku kachinjwa, ugali ukapoa, mura bado kainamia kioo. Bibi akashindwa kuvumilia: "Mura, huyo unayemwangalia hivyo, kafiwa?" Tulipofika Sirari, mpakani, simu ikadaka mtandao wa Kenya, salio likayeyuka. Salio nililoweka mimi.

Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usiokwisha hata ukiusogeza hadi alfajiri, ameshasema hadharani kwamba anajuta. Asante yake, ila majuto hayanunui vocha.

Nikampigia baba mtu, nikamwambia bando la mwanawe alipe mwenyewe. Shemeji kacheka kwanza. Kisha kanikumbusha kwamba ng'ombe aliotoa kumwoa dada yangu ndio nilioolea mimi. Kwa hiyo nilikula ng'ombe, sasa nilipe intaneti.

Wazee wa ukoo, naomba kikao. Na tafadhali, tangazo lisipitie WhatsApp.