Mwongozo wa Kumiliki Bilauri za Kizamani Zilizotengenezwa Juzi

Usinunue bilauri za kale. Za kale kweli zina makovu, hazilingani kimo, na ukivunja moja seti nzima imebaki yatima. Nunua za kuiga ukale: zile zilizotoka kiwandani juzi, zikachongwa maua na kupakwa dhahabu ukingoni ili zionekane zimerithiwa. Hizi zikivunjika unaagiza nyingine yenye umri uleule. Zipange kwenye kabati la sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuziona, kisha subiri aulize. Asipouliza, zigusanishe kidogo zilie.

Akiuliza, usimtajie bei. Mpe hadithi, maana bilauri isiyo na hadithi ni glasi ya maji tu. Anza na ile pana, yenye kina kifupi na mguu mwembamba, ambayo Wafaransa huiita coupe. Shusha sauti useme ilifinyangwa kwa kipimo cha titi la Malkia Marie Antoinette. Hadithi hii haijawahi kushindwa karamuni. Ukikutana na mbishi anayejua kwamba malkia huyo alizaliwa 1755, na kwamba mafundi wa vioo wa Venice walikuwa wakitengeneza bilauri pana za mguu tangu karne ya 16, mhamishie sifa hiyo Madame de Pompadour. Naye alizaliwa 1721, lakini mbishi atakuwa ameshachoka. Ukweli kuhusu bilauri hiyo utunze moyoni: upana wake huachia gesi haraka, na shampeni yako itakuwa imezimika kabla mshereheshaji hajamaliza kutambulisha meza kuu.

Kisha lete Marufuku. Litamke neno hili kwa uchungu, kana kwamba wewe ndiye uliyenyimwa. Marekani ilipiga pombe marufuku kuanzia Januari 17, 1920 hadi Desemba 5, 1933, nawe utawaambia wageni kwamba kokteli zilizaliwa humo, kwenye baa za kificho, ili sukari na ndimu zifunike ladha ya gongo. Usilitaje gazeti la mji wa Hudson, New York, ambalo mwaka 1806 lilishaeleza kokteli ni nini: pombe kali, sukari, maji na matone ya dawa chungu ya mitishamba. Wala usimtaje Jerry Thomas, mhudumu wa baa aliyechapisha kitabu cha michanganyiko mwaka 1862. Marufuku ilichangia zaidi wakimbizi kuliko vinywaji. Harry Craddock alirejea kwao Uingereza, akasimama nyuma ya kaunta ya hoteli ya Savoy mjini London, na kitabu chake cha 1930 bado kinanakiliwa na watu wanaoapa kwamba vipimo ni vyao wenyewe.

Bilauri fupi yenye kitako kizito ishike kwa kiganja chote. Imechukua jina la kinywaji chake, Old Fashioned, ambacho asili yake ni ule mchanganyiko wa 1806. Wahudumu wa karne ya 19 walipoanza kuujaza vikorombwezo, wateja wenye msimamo wakadai watengenezewe kwa mtindo wa zamani, na kufikia 1880 gazeti la Chicago lilikuwa limeshaandika habari hizo. Watu walikuwa wanaulilia uzamani wakati baa zenyewe zikimulikwa kwa taa za gesi.

Kama una zile za rangi ya waridi au kijani, zenye nakshi za kubonyezwa, tembea kifua mbele ila usisome sana. Miaka ya 1930, Mdororo Mkuu ulipowabana Wamarekani, viwanda vilifyatua vyombo vya namna hiyo kwa mashine, kwa bei ya kutupa. Vingine viliwekwa ndani ya maboksi ya oti ili kumvutia mnunuzi, vingine vikagawiwa bure kwenye majumba ya sinema. Leo vinatafutwa kwa fedha nyingi, na nakala zake zinauzwa madukani. Yaani wewe umelipia nakala ya zawadi ya uji.

Ugumu uko kwenye ujazo. Bilauri ya kokteli ya zamani ilibeba kama mililita 90 hadi 120, na mgeni wako atadhani unambania. Mwache adhani. Kokteli isiyo na barafu ndani ina adui mmoja, joto. Ikiwa ndogo huisha ikiwa bado baridi. Mguu nao si pambo, umewekwa ili kiganja kisikipashe kinywaji moto. Mwishoni mwa karne ya 20 bilauri za martini zilikuwa zimevimba zaidi ya maradufu: nusu ya kwanza ya kuburudika, nusu ya pili ya kuvumilia. Dale DeGroff wa baa ya Rainbow Room, New York, ndiye aliyerudisha ndogo katika miaka ya 1980, na zikaitwa Nick na Nora, kwa jina la wanandoa wapenda martini wa filamu ya The Thin Man ya 1934. Hapa sina mzaha: nunua ndogo, zilaze kwenye friza kidogo kabla wageni hawajafika, na uzishike mguu.

Vikombe vya shaba huja na Moscow Mule, kinywaji ambacho hakikutoka Moscow. Kilitungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, pale muuza vodka isiyonunuliwa alipokutana na mwenye baa aliyerundika soda ya tangawizi isiyonunuliwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hivi viwili vilitembezwa pamoja vikafika mbali. Hakikisha tu kikombe kina utando wa madini mengine ndani, maana ndimu huila shaba na kuiingiza kinywajini.

Hatimaye atatokea mgeni mwenye jin na toniki, akisema Waingereza waliinywa India kujikinga na malaria, hivyo naye anajitibu. Mpongeze. Mwambie kwinini, dawa iliyomo kwenye toniki, hutoka kwenye magome ya mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, na ambao watu wa Bukavu wanaujua kwa mashamba na kiwanda. Halafu mpigie hesabu. Sheria za Marekani haziruhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini humeza kama miligramu 1,800 kwa siku. Mgeni wako atahitaji zaidi ya lita 20 kila siku, kwa wiki nzima, na bilauri yako ya mililita 120 haitamfikisha. Akihisi homa, mpokonye bilauri umpeleke zahanati akapime.