Jinsi ya Kuigeuza Vitz Kuwa Gari la Mbio kwa Chenji ya Korosho

Mnada wa korosho umepita, chama cha ushirika (AMCOS) kimelipa, simu imeleta ujumbe wa muamala. Ada ya watoto umeitenga, bati za nyumba ya mama umeshazilipia, na bado kuna pesa kidogo imebaki haina mwenyewe. Kabla haijampata, tuizungumzie ile Vitz yako iliyoegeshwa uani pale Chuno, Mtwara: namba C, rangi ya fedha, kingo za milango zimeanza kuwa kahawia kwa chumvi ya bahari. Wewe ukiitazama unaona gari la mbio. Jirani zako wakiitazama wanaona Vitz. Mwongozo huu umeandikwa ili kumaliza tofauti hiyo bila kugusa pesa ya msimu ujao.

Na wanaokucheka wacheke taratibu. Vitz ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1999, ilikuja na injini ya cc 997 yenye nguvu za farasi 70, na gari zima halifiki kilo 900. Wepesi huo wazungu wanaulipia. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus kule Uingereza, alijenga jina lake kwa kupunguza kilo badala ya kuongeza injini. Mazda nao mwaka 1989 walileta MX-5, gari dogo la viti viwili lisilofika tani moja, wakauza dunia nzima. Kwa hiyo kazi ngumu Toyota wameshakufanyia. Kilichobaki ni kuiharibu kwa mpangilio.

Kanuni ni moja: kinachoonekana kinanunuliwa kwanza, kisichoonekana kinasubiri ajali.

1. Anza na kelele

Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akate sailensa na kuweka bomba ambalo paka anaweza kuingia akalala. Injini ya lita moja haina moshi wa kujaza bomba la namna hiyo, lakini hilo ni tatizo la injini, si lako. Nguvu zitabaki zilezile 70, ila sasa zote zitasikika mpaka Shangani. Trafiki naye atakusikia kabla hajakuona, na ukifika alipo atakuwa ameshatoa mashine yake. Shilingi 30,000 kwa kosa moja, na risiti unapewa. Itunze pamoja na risiti ya bomba, zote ni gharama za mradi.

Ukitoka hapo, ng'oa boksi la filta ya hewa la kiwandani na uweke ile filta nyekundu ya umbo la koni. Boksi la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa ya mbele, isiyo na joto la injini. Koni yako itakaa wazi ndani ya boneti na kuvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini yenyewe, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Kwa maneno mengine, umetoa pesa ili upunguziwe nguvu. Huduma kama hiyo huwezi kuipata bure.

2. Rimu za inchi 17

Vitz ilikuja na rimu ndogo kwa sababu Wajapani hawakuwahi kukaa kijiweni Chuno jioni wakitazama magari yanayopita. Rekebisha kosa lao. Muuzaji atakuapia kwamba rimu zake ni nyepesi kwa kuwa ni za aloi. Usiziweke kwenye mizani, utamkosea adabu. Kilo inayoongezwa kwenye gurudumu inasumbua kuliko kilo inayoongezwa kwenye kiti, maana injini inalazimika kuisukuma mbele na kuizungusha kwa wakati mmoja. Farasi wako 70 watalisikia hilo kila unapoondoka kwenye tuta.

Tairi za rimu hizo zina ubavu mwembamba, kwa hiyo shimo likigongwa, anayelipokea ni rimu yenyewe. Na kama mzunguko wa gurudumu umezidi ule wa kiwandani, mshale wa mwendo utakusomea 50 wakati unakwenda zaidi ya hapo. Maelezo hayo mwandalie trafiki mapema. Ana subira sana kwa watu wanaomfundisha hesabu.

3. Ishushe

Springi za kushushia gari zinauzwa, lakini wewe una bajeti. Fundi mwenye grainda atakukatia mizunguko miwili kwa bei ya chipsi kuku. Gari litalala chini kama ulivyoliona kwenye simu. Shokapu zilizopimwa kwa urefu wa springi nzima zitaanza kugonga mwisho wa safari yao, bushi zitalia, na tairi za mbele zitalika upande wa ndani kwa sababu hakuna aliyepiga alaimenti. Matuta ya kwenda Mikindani utayapita kwa ubavu, gurudumu moja baada ya jingine, huku bajaji iliyobeba abiria wanne na gunia la mkaa ikikupita kwa heshima zote.

4. Spoila

Hii haina mjadala. Upepo unalikandamiza bawa kwa nguvu inayopanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukienda kilomita 50 kwa saa, unapata robo tu ya kile ambacho ungekipata kwenye 100. Na 50 ndiyo mwisho wa mwendo mjini. Zaidi ya hapo, spoila inakandamiza magurudumu ya nyuma, na Vitz inavutwa na ya mbele. Ni bawa la kuyatuliza magurudumu yasiyo na kazi, katika mwendo ambao bawa halifanyi kazi. Lipake rangi nyekundu.

Sasa, mambo ya aibu

Hapa ndipo mwongozo unapoharibika. Yafuatayo hayapigiki picha, hakuna atakayeyasifia kijiweni, na shemeji yako atakuuliza pesa imekwenda wapi. Tatizo lake ni moja tu: yanafanya kazi.

5. Tairi, na upepo wake

Kila tairi linagusa lami kwa eneo la kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi. Mwendo, kona na breki zote zinapita hapo, hata za gari lenye farasi mia tano. Sasa inama. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, zifuate mpaka mwisho, utaona tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, zimegeuziwa ndani, kwa hiyo tandika khanga kuukuu uingie chini ya gari.

Tairi nyingi za mtumba zinauzwa kwa kashata. Muuzaji anapitisha kidole kwenye mifereji, anakwambia, "Mjomba, hii bado mpya." Wewe tazama ubavuni: ukiona nyufa nyembamba kama nywele, na mpira unakataa kabisa ukucha, hilo limezeeka hata kama kashata zake zingali ndefu. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe, na likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Mpira mgumu hauishiki lami, hasa mvua ya kwanza inapolowesha vumbi la miezi mingi.

Kisha upepo. Fundi wa kijiweni atalipiga tairi teke na kusema limekaa poa. Wewe fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango: kuna karatasi ya Toyota imeandika kipimo. Mpe fundi namba hiyo, na asimame na geji. Ndilo boresho la bei ya chini kuliko yote katika mwongozo huu, na halina stika.

6. Breki

Hesabu ya spoila inarudi hapa, safari hii kwa hasara yako: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinapewa kazi mara nne. Breki pedi nzuri ni muhimu, lakini kinachosahaulika ni oili ya breki. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzijoto 230. Lakini ina tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na ikishakunywa vya kutosha, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155. Kwetu pwani unyevu hauna msimu. Oili ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabanwa, na pedali inakwenda mpaka chini huku gari likiendelea na safari yake. Mahali pazuri pa kujifunza somo hilo ni mteremko wa kutoka Newala, nyuma yako kukiwa na lori la saruji.

Ukimuuliza fundi mara ya mwisho oili hiyo ilibadilishwa lini, tegemea jibu hili: "Bosi, hii haibadilishwi, inaongezwa." Fundi maiko ni wengi. Mshukuru, lipia maji aliyokunywa, tafuta mwingine. Oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na mfumo wote utolewe hewa.

7. Vilivyotupwa na fundi aliyepita

Fungua mfumo wa maji ya injini uangalie kama thamostati ipo. Kuna uwezekano mkubwa iliondolewa na fundi aliyekuambia kwamba nchi zetu ni za joto, kifaa hicho ni cha Ulaya. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake la kazi, na kompyuta ikidhani gari bado ni la baridi inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Umekuwa ukinywesha farasi wagonjwa miaka yote hii. Rudisha thamostati, weka kulanti badala ya maji ya kisima, badilisha plagi na filta ya hewa ya kawaida, ile ya karatasi. Usishangae gari likipata nguvu mpya: ni zile 70 zake, zilikuwa likizo.

Shokapu na bushi za stelingi ziingie hapohapo. Zikiagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zinakuja na basi. Zikishafungwa, piga alaimenti. Vitz yenye shokapu nzima kwenye springi zake za kiwandani itapita kona kwa utulivu ambao ile iliyokatwa springi haiwezi kuupata hata kwa dua.

8. Punguza kilo

Watu wazima wanne wa kilo 75 ni kilo 300, yaani theluthi nzima ya uzito wa gari. Hakuna tabo, hakuna kompyuta ya kuchezea, itakayokurudishia nguvu zinazomezwa na uzito huo. Ushauri wa kitaalamu ni kuwashusha. Ukiona aibu kumshusha mjomba, anza na buti: toa dumu la maji, toa spika kubwa ya muziki, toa gunia la korosho za kula ambalo limekaa humo tangu Novemba, toa viatu vya mpira vya timu nzima. Acha jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba na pembetatu mbili. Hivyo ni uzito halali.

9. Dereva

Safari Rally ilianza mwaka 1953, enzi hizo ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 ilichukuliwa na Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshakimbizwa kwenye mashindano hayo mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa Kiswahili cha Chikongola. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu walilijua kama teksi. Hakuna hata mmoja aliyeshinda kwa stika.

Kwa hiyo boresho la tisa halina spea: tazama mbali, funga breki kabla ya kona si katikati yake, shika usukani kwa mikono miwili. Na yote hayo yafanye katika mwendo wa kisheria. Barabara ya Mikindani ni ya watoto wa shule, mbuzi, na bodaboda isiyo na taa. Mashindano yana siku yake na barabara iliyofungwa.

Basi mpangilio wa matumizi ni huu: upepo, tairi, oili ya breki na pedi, thamostati na plagi, shokapu na bushi, alaimenti. Pesa ikibaki baada ya hapo, nunua spoila. Haitabaki. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote pesa ya rimu, toka nje sasa hivi, inama kwenye tairi la mbele la kushoto, usome zile tarakimu nne.