Umuganda Haujafika Ndani ya Kompyuta

Kigali inasifiwa kwa usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka na majembe na mafagio kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Sasa fungua kompyuta inayozimika kila ikipewa video ya harusi kuhariri: feni imejifunika blanketi la vumbi. Fundi, bila kulegeza hata skrubu moja, ameshatamka: “Ni virusi, bosi. Tuweke Windows upya.” Virusi gani hivi vyenye adabu, vinavyolala ukisoma barua pepe, vikaamka prosesa ikikaribia nyuzi 100? Safisha vumbi kwanza, upime joto. Likiwa sawa na bado inazimika, basi jaribu pawa saplai nyingine, kisha RAM moja moja. Windows mpya nayo itazimika vilevile, tena umeshailipia.