Sifa za Kipande cha Krayoni

Karafuu zimesifiwa, majahazi yamesifiwa, na wafalme walikuwa na malenga wao wa kuwasifu. Kipande cha krayoni, kilichovuliwa karatasi yake na kutafunwa ncha, hakijaambulia hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo na ikome leo.

Tuanze na nasaba. Kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilitoa kisanduku cha kwanza cha Crayola mwaka 1903: rangi nane kwa senti tano. Mwaka 1958 kikaja kisanduku cha rangi 64 chenye kichongeo chake. Lakini ukoo huu ni mkongwe kuliko kampuni. Huko Misri, enzi za utawala wa Warumi, mafundi walichora sura za marehemu kwa nta ya nyuki yenye rangi, na picha hizo za Fayum bado zinawakodolea macho wageni wa makumbusho. Krayoni ya leo hutengenezwa kwa nta ya mafuta ya petroli, lakini ndugu hakataliwi kwa sababu ya kazi anayofanya. Ukikifagia kipande chini ya kochi, jua unamfagia nani.

Pili, subira yake. Krayoni nzima huringa, hugombewa, husababisha kesi. Kipande hulala chini ya mkoba mwaka mzima bila kudai haki, na kinyonge kuliko vyote ni cha kahawia, ambacho hakuna mtoto anayekiomba. Kisha hufika Oktoba. Huko Vermont na Pennsylvania, Marekani, ukijani wa majani huvunjika, rangi ya njano iliyokuwa imejificha hujitokeza, na baadhi ya miti ya mepo hutengeneza wekundu mpya kabisa. Ghafla kila mwalimu na kila mzazi anatafuta nyekundu, njano, rangi ya machungwa na, ndiyo, kahawia! Mnyonge ametawazwa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa krayoni, kuvunjika ndiko kufuzu. Vipande huparuzwa vikawa chembechembe, vikanyunyizwa pamoja na jani lililodondoka katikati ya karatasi mbili za nta, vikafunikwa kitambaa chakavu, kisha mtu mzima akapitisha pasi ya moto mdogo. Nta hulainika kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Hakuna kiumbe mwepesi wa kusamehe kuliko huyo. Ikipoa, hubandikwa dirishani jua lipite ndani yake. Wengine hugundisha vijiti vya krayoni juu ya ubao na kuvipuliza kwa draya ya nywele, rangi ikatiririka juu ya mti uliochorwa.

Na hapa ndipo penye hekima yake kuu: nta haisikii amri. Hutiririka inakotaka, kwa mtoto mwenye kipaji na kwa asiyejua kushika penseli. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho darasani, na baba mjuaji hana cha kusahihisha.

Wapo wanaokilaumu. Wanasema huganda kwenye pasi, hung'ang'ania zulia, na kikisahauliwa mfukoni mwa suruali huingia kwenye mashine ya kukaushia nguo na kupaka rangi kila kilichomo. Kweli tupu. Lakini ni nani mwingine aliyewahi kuivisha familia nzima sare, shati la baba na soksi za kitinda mimba, kwa dakika 40 na bila kudai hata senti ya ushonaji? Huo ni ukarimu uliokosa mipaka, nao ni aibu kuuita uharibifu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, vipande usivitupe. Tandika magazeti mezani, pasi ishike wewe mwenyewe, waachie watoto rangi. Na kabla ya kufua, kagua mifuko: tumekisifu, hatukusema tumekiamini.